Mbegu ya Longor Katika Mtungi wa Baridi

Kila Jumamosi Adong alifua nguo mapema, akaziacha kambani, kisha akapanda kutoka Bwera hadi Karambi kumtazama ng'ombe wake. Majirani zake wa kambi ya jeshi walimtania.

"Mama Emma, mzee yuko na mshahara ya jeshi. Wewe unahangaika na ng'ombe ya nini?"

Adong alicheka nao, akafunga chumvi ya ng'ombe kwenye kitambaa, akaondoka zake. Angewaambia nini?

Mumewe, Sajini Lokwang, alikuwa Somalia na kikosi cha kulinda amani. Lokwang ni mtu wa Karamoja. Adong mwenyewe ni Mwacholi wa Kitgum. Jeshi ndilo lililowaleta huku magharibi, chini ya milima ya Rwenzori, na mtoto wao Emma alizaliwa hapa.

Kwa kina Lokwang, mwanamume huchagua dume mmoja na kumpenda kuliko wengine wote. Watu humwita kwa jina la dume huyo. Dume wa Lokwang aliitwa Longor. Alikuwa wa rangi ya kahawia, na alikuja kutoka Karamoja akiwa ndama, nyuma ya lori la magunia. Usiniulize dereva alikubali vipi. Wazee wa kwao walimwambia Lokwang amhasi, maana ndivyo wafanyavyo. Lokwang alikataa katakata. Alimweka Karambi kwa mama Ithungu, mkulima wa Kikonzo mwenye uwanja mzuri wa malisho. Jioni askari huyo mzima, mwenye buti na cheo, alikaa kwenye jiwe akamwimbia ng'ombe. Kambini walimwita Baba Longor, naye aliitika haraka kuliko alipoitwa afande.

Halafu alipelekwa Somalia. Miezi michache baadaye, ugonjwa wa kupe uitwao ndigana ulimuua Longor.

Adong ndiye aliyempa habari, kwa simu. Lokwang alinyamaza. Alinyamaza mpaka Adong akadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Sawa," akakata.

Tangu siku hiyo simu zake za kila Jumapili zilikuwa fupi. "Mko salama? Mtoto anasoma? Sawa." Basi, ameshaondoka. Zamani alikuwa akimaliza salio akiuliza mambo ya kijinga: mvua imenyesha upande gani, nani amegombana na nani kambini, Longor amekula nini. Sasa hakuuliza kitu. Adong alikaa na simu mkononi, skrini ikizimika polepole. Hakumlilia dume sana. Alimlilia mume. Alikuwa hai, anapumua huko mbali, lakini sauti yake ilikuwa imemwacha.

Tumaini lake lilikuwa moja tu. Kabla Lokwang hajasafiri, wataalamu walikuwa wamezunguka wakikusanya mbegu za madume wenye nguvu, nao walichukua mbegu za Longor. Mirija miwili, myembamba kuliko kijiti cha kalamu, walimwachia mwenyewe. Mirija hiyo ilitunzwa na Apio, mhudumu wa mifugo wa Bwera na Karambi, ndani ya mtungi wake wa baridi. Watu walimwita dokta, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwapandikizia ng'ombe mbegu. Adong alinunua mtamba mweusi mwenye paji jeupe, akamfuga kwa mama Ithungu, akasubiri akue.

Jumamosi hiyo mtamba alikuwa analia tangu alfajiri. Alipanda migongo ya wenzake, na wenzake walipompanda alisimama kimya. Ute usio na rangi, wa kuvutika, ulining'inia nyuma.

"Iko na joto," alisema mama Ithungu. "Tangu asubuhi haikule. Nimemuita dokta."

Apio alifika saa sita kwa pikipiki, mtungi umefungwa nyuma kwa mipira. Alimwangalia mtamba, akaridhika.

"Joto imeanza asubuhi, kwa hiyo tunapandikiza jioni," alisema. "Tukiharakisha, mbegu itangoja yai mpaka ichoke."

Kabla hajakaa, simu yake iliita. Ng'ombe wa mtu ng'ambo ya kijito alikuwa ameshindwa kuzaa. Mvua ilikuwa imebomoa daraja la miti, na njia ya kupita kwa miguu iliteleza kama sabuni. Mtungi haukuweza kubebwa huko. Apio alifungua mipira, akaushusha na kuuweka barazani kwa mama Ithungu.

"Mama Emma, nakuachia hii. Usiifungue. Usiifunge na kitu. Usiingize ndani. Usiguse. Nitarudi jioni."

Akaondoka mbio na mkoba wake.

Adong alibaki na mtungi. Ulikuwa wa chuma cheupe, kimo cha ndoo, shingo nyembamba, na kifuniko kilichokaa juu bila kukaza. Pembeni mwa kifuniko moshi mweupe mwembamba ulitoka, ukashuka, ukapotea. Mama Ithungu alikwenda shambani kuchimba muhogo. Adong aliutazama ule moshi, akautazama tena. Baridi inatoroka, alijiambia. Longor anatoroka hivi hivi, na mimi nimekaa.

Aliinua kifuniko kidogo tu, ahakikishe. Moshi ulifurika ukamwagika mpaka miguuni. Ndani aliona ndoana za waya. Alivuta moja. Kikombe kirefu chembamba kilipanda, na ndani yake palikuwa na mirija miwili ya buluu. Moyo ulimpiga. Huyu hapa Longor. Huyu hapa Lokwang akiwa kwenye jiwe lake jioni. Adong hakufikiria tena. Alichomoa mrija mmoja kwa vidole.

Uliunguza. Ndiyo, baridi ile iliunguza kama sufuria iliyotoka motoni. Mrija ulimponyoka ukaanguka mchangani. Adong alirudisha kikombe ndani, akapiga kifuniko juu, akaokota mrija kwa pindo la leso. Ulikuwa umeshapoteza ukungu wake. Maji ya ndani yalikuwa yameyeyuka.

Hapo hofu ilimpanda. Akili yake yote ikawa kwenye mrija uliobaki. Alichukua mpira mrefu wa tyubu ya baiskeli, akaukaza juu ya kifuniko, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka moshi haukuonekana. Akaubeba mtungi ndani, kwenye chumba kidogo alichokuwa akipumzikia. Akaufunika blanketi. Akafunga dirisha, akafunga mlango, akakaa kitandani karibu nao, vidole vikimuwaka. Kwao, mtoto mchanga anapozaliwa kabla ya wakati, hufunikwa na kufungiwa ndani asipigwe na upepo. Aliona anafanya jambo jema.

Apio alirudi jua likielekea kuzama upande wa Kongo. Barazani hakukuwa na mtungi.

"Iko wapi?"

"Iko humu ndani," Adong alijibu nyuma ya mlango. "Nimeilinda."

"Toka nje, mama Emma. Toka sasa. Acha mlango wazi."

Apio hakuwa mtu wa kufoka, ndiyo maana Adong alitoka upesi. Kichwa kilikuwa kimeanza kumuuma kidogo, akadhani ni mawazo. Apio alifungua dirisha kwa nje, akangoja upepo upite chumbani. Kisha akaingia, akavuta blanketi, akageuza uso pembeni na kukata mpira kwa kisu. Kifuniko kiliruka. Sauti kali ya upepo ilitoka, moshi ukajaa mpaka mlangoni. Alipoona umetulia, aliubeba mtungi barazani akaketi chini.

"Ningechelewa kidogo, hiyo kitu ingepasuka," alisema. "Chuma kingekupiga. Nilikuambia nini?"

Adong machozi yalimlengalenga, lakini alijibu.

"Uliniambia usifanye hivi, usifanye hivi. Dokta, mimi nimeishi na askari miaka mingi. Amri nazijua. Sababu hukunipa."

Apio alimtazama. Mama Ithungu, aliyekuwa amerudi na kikapu chake, naye alimtazama Apio.

"Huyu musichana anasema kweli," alisema mama Ithungu. "Hata mimi ningefunga. Kitu inatoka moshi, mutu anaachaje?"

"Basi kosa ni letu wote wawili," Apio alisema. "Nionyeshe mkono kwanza."

Ncha za vidole viwili zilikuwa nyeupe na ngumu. Apio aliomba maji ya vuguvugu, yasiyo moto, akamwambia aviloweke.

"Usivisugue. Usivipeleke kwa moto. Baridi ikiunguza, nyama inakuwa haisikii, na moto utaipika bila wewe kujua. Malengelenge yakitokea, nenda hospitali, usiyatoboe."

Adong aliloweka vidole. Apio alinyoosha mkono kwenye chupa ya chai ya mama Ithungu iliyokuwa juu ya kigoda.

"Hii chupa inatunza nini?"

"Chai," alisema mama Ithungu. "Asubuhi naweka, jioni iko moto."

"Ndani yake kuna kuta mbili. Katikati wametoa hewa, joto halina njia ya kupita. Lakini chupa kama hii haikutengenezwa kwa ajili ya chai. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mwanasayansi mmoja huko Ulaya alitaka kutunza baridi kali isipotee. Akabuni chupa ya kuta mbili. Wengine baadaye wakaona, aa, kumbe na chai itakaa. Mtungi wangu na chupa yako ni mtu na dada yake."

Mama Ithungu aliigeuza chupa yake na kuitazama upya.

"Na mu mtungi iko barafu ya mulimani?"

Wote waligeuka kutazama milima. Mawingu yalikuwa yamefunika vilele, kama kawaida.

"Sisi tunaita nzururu," mama Ithungu alimweleza Adong. "Theluji. Wazee walisema ni mahali pa Kitasamba, mungu wa mulima, hakuna kuchezea. Nilipokuwa musichana, asubuhi ikiwa safi, ilikuwa inaonekana kubwa. Sasa imebaki kidogo tu. Naitafuta na macho, siioni vizuri, na sijui ni macho ao ni mulima."

"Ni mlima, mama. Dunia imepata joto, theluji yetu inakwisha," Apio alisema kwa upole. "Lakini hiyo ya mtungi si theluji. Theluji inaanza pale maji yanapoganda, tunaita sifuri. Hii iko nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri. Ukilinganisha nayo, nzururu ni joto."

"Imetoka wapi baridi namna hiyo?" Adong aliuliza.

"Imetoka kwa hewa. Hii hewa tunayovuta, sehemu kubwa ni naitrojeni. Zamani wataalamu waliamini haiwezi kuwa maji hata ufanye nini. Wengine hawakukubali. Waliikandamiza sana, wakaipoza, kisha wakaiachia ghafla. Umewahi kutoa upepo kwa tairi la pikipiki? Upepo unaotoka ni baridi. Ni njia ile ile. Waliendelea kupoza na kuachia, kupoza na kuachia, mpaka hewa ikawa matone. Hapo watu wakaanza kushindana kwenda chini zaidi. Mwisho wa baridi unajulikana: mia mbili sabini na tatu chini ya sifuri. Wamekaribia sana, lakini hakuna aliyefika."

Adong aliifahamu hali ya kukaribia bila kufika. Kila simu ya Jumapili ilikuwa hivyo.

"Sasa sababu," Apio akaendelea. "Moshi unaouona si baridi inayotoroka. Ni unyevu wa hewa yetu unageuka ukungu. Maji ya naitrojeni yanachemka polepole humo ndani, yanakuwa hewa. Kikombe kimoja cha maji haya kikigeuka hewa kinakaribia kujaza pipa zima. Ukikaza kifuniko, hiyo hewa itapita wapi?"

"Itapasua," Adong alisema.

"Ukifungia chumbani, hewa hiyo inasukuma ile nzuri ya kupumua. Haina harufu. Mtu anasikia usingizi, anaanguka, hajui kwa nini. Ndiyo maana tunaweka barazani, penye upepo."

"Na nikifungua tu kuangalia?"

"Mbegu zimelala. Kwa baridi ile hakuna kinachooza, hakuna kinachokua, miaka inapita juu yao. Zamani mbegu zikigandishwa zilikufa, maana barafu ni vipande vikali, inapasua ndani, kama nyanya ukiigandisha. Baada ya vita kuu ya pili, watafiti wa Uingereza waligundua kwamba ukichanganya gliserini, nyingi zinapona. Lakini ukizivuta juu kwenye joto, hata kidogo, zinaanza kuamka. Ukizirudisha, zinakufa." Apio aliangalia vidole vya Adong kwenye maji. "Mama Emma, kuna kitu hujaniambia."

Adong alifungua leso. Mrija wa buluu ulikuwa katikati, umejaa jasho. Apio aliuchukua, akautazama, akautia mfukoni. Mbegu zake zilikuwa zimekwisha kufa. Adong alilia sasa, kwa sauti, akiwa amekaa chini na vidole ndani ya bakuli.

"Uliobaki?" aliuliza alipoweza.

"Uliuinua juu?"

"Kidogo. Sijui. Niliogopa."

"Basi na mimi sijui. Tutajaribu."

Apio alitumbukiza kijiti kirefu mtungini, akakitoa, akasoma alama ya ukungu. Maji ya naitrojeni yalikuwa ya kutosha. Mama Ithungu alichemsha maji, wakayapoza mpaka yakawa vuguvugu la mwili wa mtu. Safari hii Apio alisema kila jambo na sababu yake. Alivaa glavu. Alitoa mrija kwa koleo ndogo, upesi, akiacha kikombe chini ya shingo ya mtungi. Aliutia kwenye maji nusu dakika, akaukausha, kwa sababu tone la maji huua mbegu. Mtamba alishikwa, na kazi ikaisha kabla giza halijaingia.

"Wiki tatu," alisema Apio akiosha mikono. "Asipolia tena, tushukuru."

Wiki tatu hizo Adong aliziishi vibaya. Aliosha vyombo vilivyo safi. Lokwang alipopiga, "Mko salama? Sawa," Adong alitaka kumwambia, akayameza maneno. Angempaje tumaini halafu amnyang'anye?

Mtamba hakulia. Miezi miwili baadaye Apio alimpima akasema ana mimba. Hapo ndipo Adong aliuliza lile lililokuwa likimsumbua.

"Dokta, atazaliwa Longor?"

"Atazaliwa mtoto wa Longor. Nusu ni ya mama yake. Baridi inatunza mbegu, mama Emma. Siku zilizopita haizitunzi."

Maneno hayo yalimuuma kwa sababu yalikuwa kweli. Hata hivyo alianza kuongozana na Apio Jumamosi, akimshikia kamba za ng'ombe. Palipokuwa na watu, Apio alisimamisha mtungi kwenye upepo akaeleza kwanza, kisha ndipo alipotoa amri. Adong akaonyesha ncha za vidole vyake, ambazo ngozi yake ilikuwa imebadilika rangi. Kambini wanawake waliacha kumtania. Walitaka kujua jinsi chupa ya chai inavyofanya kazi, na wawili wakauliza bei ya mtamba.

Ndama alizaliwa asubuhi ya mvua. Adong alifika Karambi akiwa amelowa chapachapa. Mama Ithungu alikuwa amemkausha ndama kwa nyasi. Alikuwa mweusi. Paji lilikuwa jeupe. Alikuwa jike.

Adong alisimama pale na mvua yake. Alimtafuta Longor kwenye mgongo, kwenye miguu, hakumwona. Alimpenda ndama papo hapo, na papo hapo alihuzunika. Miezi yote hiyo alikuwa amejiandalia maneno: Baba Emma, Longor amerudi. Sasa maneno hayo hayakuwa na kazi.

Jumapili Lokwang alipiga.

"Mko salama?"

"Tuko salama."

"Mtoto anasoma?"

"Anasoma." Adong alivuta pumzi. "Baba Emma, ile mbegu ya Longor. Mrija mmoja niliuharibu mimi, kwa mikono yangu. Mwingine tumepandikiza. Ndama amezaliwa. Lakini hafanani naye. Ni mweusi. Na ni jike. Nisamehe."

Adong alifumba macho, akangoja "Sawa."

"Jike?" alisema Lokwang.

"Jike."

"Amesimama?"

"Amesimama mwenyewe, kabla ya kulambwa vizuri."

"Masikio je? Yamelala ama yanasimama?"

"Yanalala kidogo."

"Anapokunyonya kidole, anavuta?"

"Anavuta mpaka kinauma."

"Kwato za rangi gani? Mama yake ana maziwa? Mama Ithungu amempa chumvi? Huko Karambi mvua imenyesha upande gani?"

Adong alijibu moja baada ya jingine, akitembea huku na huku barazani, machozi yakimchuruzika na mdomo ukicheka. Alikuwa katikati ya kueleza kwato wakati simu ilipokatika. Salio la Lokwang lilikuwa limekwisha.

Alibaki ameishika simu. Skrini ilizimika. Aliiweka mezani, akachukua ndoo aende kuchota maji.

Simu iliita. Namba ngeni, ya nchi ngeni. Adong aliiacha ndoo ikabingirika.

"Nimeazima ya mwenzangu," alisema mumewe, akihema kama mtu aliyekimbia. "Hujaniambia mkia."